Tairi la Mikungu Sita

Haya nimeyasikia kwa Edvina mwenyewe, Ijumaa ya wiki ya pili baada ya Pasaka, tulipokuwa tunamenya ndizi za harusi ya mjukuu wa mzee Kaijage hapa Buganguzi. Lundo la ndizi lilifika kwenye dirisha, na mtu aliyekaa mbele ya lundo kama hilo hana pa kukimbilia, atasema tu. Alianza asubuhi, akamaliza tulipokuwa tunaosha visu. Nayaandika kama alivyoyasema. Pale Aroni mumewe aliponisahihisha baadaye, nimesahihisha.

Edvina ndiye aliyekuwa bibi shamba wetu. Miaka ishirini na mitano alizunguka vibanja vya watu kwa pikipiki ya ofisi, akitafuta migomba yenye mnyauko na kuwakaripia wasiopitisha visu vyao motoni. Alipostaafu wengine walidhani atanunua ng'ombe. Yeye akanunua pikipiki. Wala si ile ya mashindano ya kulalia tumbo, wala si ile ya miguu mirefu ya porini. Ni pikipiki ya kawaida kabisa, taa moja ya duara, siti moja ndefu, kerieri nyuma, na kiki ya kupiga kwa mguu.

"Ukiipanda unakaa umenyooka," aliniambia, "kama uko kwenye benchi la kanisani. Ila benchi linakwenda."

Sasa, kila mtu hapa anajua kwamba pikipiki haitoki kijijini tupu. Ni kama kwenda kumtembelea mtu mikono mitupu. Ikitoka tupu watu wanasimama barabarani wanauliza nani amefariki. Lazima iwe na mkungu, au gunia la kahawa, au mgonjwa, au shangazi wa mtu. Edvina hakuwa na biashara ya ndizi, watoto wake wako mbali, na shangazi zake wote walishakufa. Kwa hiyo alikuwa anakata mkungu mmoja kibanjani, anaufunga kwenye kerieri, anakwenda nao Muleba, anashuka nao lami mpaka Muhutwe, siku nyingine mpaka Kemondo anakoliona ziwa, kisha anarudi nao nyumbani. Mkungu ule ule. Akikutana na mtu njiani anasema anaupeleka. Akikutana naye wakati wa kurudi anasema wenyewe hakuwakuta.

Nilimuuliza, "Kwa nini usiseme tu ulikuwa unatembea?"

"Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, anatembea?" akasema. "Ungesema nini, wewe?"

Nikamenya ndizi yangu. Kweli ningesema.

Tairi zake za kwanza ziliisha mwezi wa pili mwaka huu, zikawa kipara, unaziona zinang'aa kama kisogo cha padre. Akaenda dukani hapa senta. Na hapa kwetu, ambaye si mwenyeji aelewe, tairi la pikipiki halitajwi kwa namba. Linatajwa kwa mikungu. Kuna tairi la mikungu mitatu, kuna la minne, na kuna la mikungu sita, ambalo ndilo la wanaume wenyewe, wanaopeleka ndizi mnadani. Muuza duka akamuuliza, "Mama, la mikungu mingapi?" Watu walikuwepo, wanasikiliza. Edvina akasema, "Sita."

Akapewa alichoomba, mbele na nyuma. Muuzaji hakukosea. Tairi nene, ngumu, zimejaa nyuzi ndani. Fundi akazijaza upepo kama wa mikungu sita, mpaka ukizigonga kwa kidole zinalia kama ngoma. Edvina akaondoka nazo, na mkungu wake mmoja.

Akaanguka Jumatatu kwenye mteremko wa shule, akirudi nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha, ule udongo mwekundu ulikuwa kama sabuni. Akaanguka tena Alhamisi, mahali pale pale, akaingia mfereji wa kushoto na mkungu juu yake, na siku hiyo kulikuwa na watu wanaotoka gulioni.

Mumewe alikuwa seremala, sasa miguu inamsumbua, anatembea kwa fimbo. Hakupiga kelele. Alimwosha goti kwa maji ya moto, akamfunga kitambaa, akasema:

"Edvina, mimi sikukatazi. Lakini ukianguka mara ya tatu, pikipiki inakwenda kwa Buberwa. Sitaki nikuzike kwa ajili ya chuma."

Edvina akasema, "Sawa."

Na Edvina akisema sawa, imekwisha. Hajawahi kuwa mtu wa kugeuza neno.

Huyo Buberwa ni kijana wa bodaboda, anaegesha chini ya mteremko wa shule kwenye kibanda cha mabati. Alikuwa ameitamani pikipiki ile tangu siku ya kwanza, kwa sababu injini yake ilikuwa imetunzwa. Habari ya sharti la Aroni ikamfikia kabla ya jua kuzama, sijui kwa njia gani. Kuanzia hapo kila asubuhi akawa anapita mlangoni.

"Shikamoo, Ma Edvina. Hujaanguka bado?"

"Marahaba. Bado. Na wewe, hujaoa bado?"

"Nangoja pikipiki, Mama. Nikiwa na mbili ndiyo nitaoa."

"Basi utazeeka kijana."

Lakini alipokwisha kupita, Edvina alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu na pikipiki, anaangalia zile tairi. Siku mbili aliziangalia. Alizikandamiza kwa ukucha, ukucha haukuingia. Akaikumbuka kila hatua ya kuanguka kwake, mara ya kwanza na mara ya pili, kama alivyokuwa anakumbuka shamba lililougua lilianzia mgomba upi. Mara zote mbili hakuwa na mwendo wa kasi. Mara zote mbili gurudumu la nyuma lilirukaruka kwanza, tap tap tap, kisha likamwacha.

"Nikajua," alisema. "Si mimi niliyeanguka. Nimeangushwa."

Jumanne akaamka alfajiri. Akamwambia Aroni anakwenda Bukoba mjini kutafuta tairi nyingine. Aroni akatazama mawingu, akatazama goti la mkewe, akasema tu, "Na ule mteremko?"

"Naupanda kwa miguu."

Kwao ni bondeni, kwa hiyo kutoka ni kupanda. Akaiwasha, akaweka gia ya kwanza, akatembea kando ya pikipiki huku akiachia klachi kidogo kidogo, inajivuta yenyewe na yeye anaishikilia isilale. Mkungu uko nyuma, maana kutoka bila mkungu hakujamwingia akilini. Wanafunzi wakamsalimia wote kwa pamoja. Buberwa akatoka kibandani.

"Mama, siku hizi pikipiki ndiyo inakutembeza?"

"Inanitembeza. Na wewe nani anakutembeza?"

Alifika juu shati limelowa jasho. Lakini hakuanguka. Akapanda, akaenda polepole mpaka lami, na lami yote akaenda kwa mwendo wa baiskeli, kwa sababu tairi zile hata kwenye lami zilikuwa zinadunda. Malori yalimpigia honi. Aliyaacha yapige.

Bukoba alielekezwa duka la Awadhi, lile lenye tairi zilizoning'inizwa mpaka kwenye mti wa umeme. Awadhi hakuwepo, alikuwepo binti yake Sumaiya, msichana mrefu wa hijabu ya kijani, mikono myeusi kwa mpira mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anang'oa tairi la mtu kwa vyuma viwili kama mtu anayemenya chungwa.

"Shikamoo, mama yangu. Karibu."

"Marahaba. Nataka tairi. Mbele na nyuma."

Sumaiya akaja akaizunguka pikipiki. Akagonga tairi la nyuma kwa kisigino, likalia. "Haya ni mapya kabisa, mama. Yamekukosea nini?"

"Yameniangusha mara mbili."

"Unabeba nini?"

"Mikungu sita."

Sumaiya akasogea nyuma ya pikipiki. Alishika kerieri, akapitisha kidole kwenye rangi yake. Akainama akatazama zile springi za nyuma. Kisha akautazama ule mkungu mmoja, ambao ulikuwa umeanza kugeuka njano kwa juu.

"Huu unampelekea nani?"

"Kuna watu."

"Wako wapi?"

Edvina anasema hapo alitafuta jina la mtu wa Bukoba, jina lolote, na majina yote yakamkimbia.

"Mama yangu," Sumaiya akasema, kwa upole, lakini chuma hakukiweka chini, "kerieri hii haijawahi kubeba mikungu sita hata siku moja. Rangi yake ni ya dukani. Mimi naweza kukuuzia tairi lolote sasa hivi, ukaondoka, ukaanguka kesho, ukarudi kunilaumu. Tairi la mzigo linataka mzigo. Bila mzigo halikai chini, linaruka. Kwa hiyo niambie ukweli ndiyo nikuchagulie. Unabeba nini?"

Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi. Edvina akawatazama. Akafikiri juu ya mteremko, na Aroni, na lile neno lake la sawa.

"Sibebi kitu," akasema. "Naendesha kwa sababu napenda kuendesha. Natoka nyumbani, nakwenda mpaka ninapoliona ziwa, narudi. Ndiyo kazi yake."

"Na mkungu?"

"Ni wa kuonekana."

Mmoja wa wale wateja akacheka. Sumaiya akamgeukia. "Wewe tairi lako limetoboka kwa sababu ya kupeleka nini? Si ulitoka kuangalia mpira?" Sumaiya akaweka vyuma chini, akanawa mikono, akavuta kigoda akampa Edvina.

"Sasa tunaweza kuzungumza," akasema.

Alimshushia tairi tatu akazipanga ukutani. La kwanza laini, lenye mifereji miembamba, la vijana wa mjini. La pili kashata, lile lenye meno makubwa yaliyokatwa vipande vipande. La tatu katikati ya hayo mawili, lina vipande lakini vimekaribiana, katikati yake kuna mstari usiokatika.

Edvina hakukaa kwenye kigoda. Alichuchumaa akazishika moja moja. Alizikandamiza kwa ukucha, na safari hii ukucha uliingia ukaacha alama kisha alama ikapotea. Alizinusa. Akauliza zimetengenezwa lini, na Sumaiya akafurahi kuulizwa, akamwonyesha tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka. Akamwambia tairi linazeeka hata likiwa limening'inia tu, kama mtu asiyetumwa kazi. Kisha akafuta vumbi kwenye kifuniko cha cheni, na pale palikuwa na karatasi ndogo ya kiwandani yenye namba za tairi, ya mbele na ya nyuma, na upepo wake.

"Hiyo karatasi nimeifuta kila Jumamosi kwa miaka mitatu," Edvina aliniambia. "Sijawahi kuisoma. Mimi niliyekuwa nawasomea watu karatasi za dawa ya kahawa."

Sumaiya alimshauri achukue kashata nyuma, kwa ajili ya ule mteremko.

"Inakwendaje kwenye lami?" Edvina akauliza.

"Inalia. Na mikono inakufa ganzi. Lakini kwenye tope inashika kama kucha."

Edvina akafikiri. Mteremko wa shule ni dakika tano. Lami ni saa nzima na zaidi, na ndiyo anayoipenda, ndiyo inayomtoa nyumbani. Mtu mwingine angesema usalama kwanza akachukua kashata, akaenda nyumbani akaiegesha pikipiki kwa sababu haina raha tena, na Buberwa angeipata bila hata kuanguka kwa mtu.

"Nipe hili la katikati," akasema. "Mbele na nyuma."

"Na mteremko, mama?"

"Mteremko nitajifunza mimi. Tairi haliwezi kujifunza kila kitu."

Sumaiya alizifunga mwenyewe, akaziweka upepo uliosemwa na ile karatasi. Akamwonya kwamba tairi jipya linateleza kidogo, maana lina mafuta ya kiwandani, kwa hiyo asiilaze pikipiki kwenye kona mpaka tairi likwaruzike. Edvina akaufungua ule mkungu akauweka mlangoni pa duka. "Huu upikeni," akasema. Kerieri ikabaki wazi.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Angeweza kurudi moja kwa moja. Lakini tairi zilitakiwa kukwaruzwa, na hakuwa na mkungu wa kumsemea. Akapanda kuelekea Kibeta, akapita kati ya nyumba na migomba, akageuka, akateremka mpaka barabara ya ufukweni. Anasema ilikuwa kama kuvua viatu vinavyobana. Pikipiki haikudunda. Ukielekeza macho, inakwenda unakotazama. Upepo wa ziwa unaingia kwenye mikono ya shati, injini inaongea chini yako kwa sauti ya mtu mmoja asiye na haraka, umekaa umenyooka, unaona kila kitu, na hakuna anayekungoja. Alikwenda akarudi mara tatu. Polisi mmoja wa barabarani akamsimamisha akamuuliza kama amepotea.

"Sijapotea," akamwambia. "Nazijaribu tairi."

Mvua ilimkuta Kemondo. Alijikinga kwenye baraza la duka Muhutwe mpaka ikapungua. Mwenye duka akamwambia alale kwake, bojo tafadhali, njia za huko juu hazipitiki leo. Akashukuru akapiga kiki. Alijua akilala hapo, kesho angekuta mteremko umekauka, angeshuka, na asingejua kama tairi zinashika. Alitaka kujua.

Alifika juu ya mteremko wa shule jioni. Yeye anasema saa kumi na moja, Aroni anasema kumi na mbili. Manyunyu yalikuwa bado. Chini kwenye kibanda cha mabati kulikuwa na Buberwa na wenzake wawili, na Consolata muuza samaki ambaye alijikinga na beseni lake. Wote wakatoka nje kusimama kwenye mvua. Hawakutaka kukosa.

"Mama!" Buberwa akaita. "Shuka hapo, nakuja nikuteremshie."

"Kaa hapo hapo."

Akaweka gia ya kwanza. Hakukamata klachi, aliiacha injini imshikilie. Breki ya mbele aliondoa vidole kabisa, asije akaishika kwa woga. Magoti akayabana kwenye tangi. Akaanza kushuka kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza.

Nusu ya kwanza ilikwenda. Pale penye mfereji, gurudumu la nyuma likasogea kushoto. Alilisikia likitoka chini yake, polepole, kama mtoto anayeteleza kutoka mgongoni. Mwili wote ulimwambia kamata breki. Hakukamata. Alitazama katikati ya barabara, si mfereji, akangoja. Alisema ndilo jambo gumu kuliko yote, kungoja huku unateleza. Kisha vile vipande vya tairi vikapata changarawe, vikauma, pikipiki ikanyooka.

Alipofika chini alikanyaga mguu mmoja ardhini, akazima. Consolata akasema kwa Kihaya kwamba Mungu ni mkubwa. Buberwa alizunguka nyuma akaitazama kerieri.

"Leo umerudi tupu, Ma Edvina. Mkungu umempata mwenyewe?"

"Nimeuacha."

"Ulimpeleka mgonjwa?"

"Hapana."

"Sasa mjini ulikuwa unafanya nini mpaka saa hizi?"

"Tairi nilifungiwa saa tano. Muda mwingine wote nilikuwa naendesha."

"Unaendesha kwenda wapi?"

"Naendesha tu, Buberwa. Napenda. Na kesho nitatoka hivi hivi, bila mkungu, na keshokutwa, na ukitaka kuniuliza nimebeba nini, uulize sasa nimalize."

Mvua inanyesha juu ya mabati. Mwishowe Consolata akaweka beseni lake kichwani. "Mimi ningekuwa nayo," akasema, "msingeniona hapa hata Jumapili." Akaondoka zake.

"Basi nitafute pikipiki nyingine," Buberwa akasema.

"Tafuta. Ukiipata, nitakwambia pa kununua tairi."

Nyumbani Aroni alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, sijui tangu saa ngapi.

"Umeanguka?"

"Hapana."

Akashusha pumzi. Akaitazama pikipiki, tairi zake, kerieri yake.

"Umewaambia?"

"Kuwaambia nini?"

"Kwamba mikungu hiyo haiendi popote. Nimeiona ikitoka mbichi ikirudi imeiva, Edvina. Mimi ni seremala, si kipofu. Nilikuwa nangoja uniambie."

"Nilikuwa naogopa watu."

"Mimi si watu," Aroni akasema.

Akampokea koti lililolowa, akalitundika. Chakula alikuwa ameshapika mwenyewe, ndizi na maharage, chumvi imezidi kidogo. Wakala. Katikati ya kula akasema, "Kesho nipeleke Izimbya kwa dada yangu, kama tairi ni nzuri hivyo."

"Kesho hapana. Kesho natoka peke yangu. Keshokutwa nitakupeleka."

"Keshokutwa," Aroni akakubali.

Alipomgeukia kumwongezea mchuzi, Edvina alikuwa ameshalala kwenye kiti, kichwa ukutani, kijiko mkononi. Aroni akamtoa kijiko taratibu, akamfunika kanga magotini. Akaanza sala ya jioni peke yake, kwa sauti ndogo asimwamshe, ameegemea fimbo kwenye kiti cha pili, na kabla hajafika amina naye akalala.